Mashini inavuta kama Asifiwe

Jumanne, mangaribi

Leo mashini imefanya kazi ya Asifiwe, mwenzangu wa labo mwenye tulizika mbele ya Pasaka. Wote walipiga makofi. Mimi nilishindwa kupiga.

Mbele, tulifanya ile kazi siye wawili. Mimi nilishusha kamurija ka kioo, kembamba sawa sindano, mpaka iguse seli ya moyo wa chura. Yeye alivuta hewa kwa mudomo, polepole, ndani ya kamupira kenye kufungwa ku ile kioo, mpaka seli inashikamana na kioo. Hapo ndio umeme yake ilionekana ku ekra ya ordinatere, ile kompyuta yetu.

Wakati ugonjwa yake ilianza, nilimuomba avute mara mingi, ordinatere ijifunze pumzi yake. Akacheka: "Weye uko unatafuta mutu wa kunipokea kazi?"

Nilimuambia hapana. Nilidanganya.

Leo mashini ya ile ordinatere ilivuta, ikangoja kidogo, ikavuta tena, sawa yeye kabisa. Umeme ikaonekana. Profesere akasema: "Iko inavuta kama mutu."

Seli ikishika, nilizoea kumupa Asifiwe maji. Na leo nilikuwa nimekwisha kujaza kikombe. Nilisimama nayo mukononi mpaka Profesere akaniuliza hayo maji ni ya nani.