Mkoba Uliobaki Kitini

Tarehe 4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na daktari hajakugombeza tena. Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu juu. Nakuandikia kwa kompyuta ya hoteli huku ugenini kwa sababu simu yangu imeondoka na mkoba.

Leo asubuhi stesheni niliuweka mkoba kitini, nikasogea hatua kumi kusoma ubao wa treni. Kugeuka, kiti kitupu! Ndani mlikuwa na dola mia sita za serikali, simu, na koti la baridi nililopewa na ofisi. Nilibaki nimekodoa macho kama niliyemwagiwa maji.

Mkuu wa msafara wetu wa kikazi anasema nisihangaike na polisi. Tukirudi niandike kwamba niliporwa begani, naye atasaini kama shahidi. Ila kwenye orodha ya vilivyopotea niongeze dola elfu moja za akiba ya msafara, alizokaa nazo yeye. Shangazi, hizo hazikupotea. Masanduku ya vitu alivyonunua yamejaa chumbani kwake hadi mlango haufunguki vizuri. "Binti, sote tutatoka safi," ananiambia.

Wewe ulikaa dirisha la fedha za kigeni serikalini miaka ishirini na sita. Nifanyeje?

Mwanao,
Mkaguzi wa Mizani

Tarehe 4 Machi, alasiri

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanuna lakini linatembea. Pole sana. Sasa futa machozi unisikilize.

Kitu kikipotea safarini, polisi wa hukohuko wajue ndani ya saa ishirini na nne, wakupe karatasi yenye muhuri. Bila hiyo, hata hasara ya koti ofisi haitaitambua. Fedha zikiporwa, hasara ni ya serikali. Zikipotea kwa uzembe, ni yako. Na hatua kumi ni uzembe, hata ungekuwa binti wa waziri.

Watu kama huyo mkuu wako nimewahudumia sana. Walikuja dirishani na tabasamu, wakaondoka na saini ya mtu. Ukiiandika hiyo elfu moja, umeshakuwa mtu wake.

Vaa viatu uende.

Shangazi yako

Tarehe 5 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natoka polisi sasa hivi, karatasi ninayo. Afisa aliniuliza kupitia mkalimani, "Mkoba ulikuwa wapi?" "Begani" ni neno moja tu, na lingeniokoa mshahara wa miezi. Nikasema, "Kitini. Mimi nilikuwa kwenye ubao wa treni." Akaandika dola mia sita, akagonga muhuri.

Mkuu ameacha kuitikia salamu yangu. Anakula amenipa mgongo. Sijui nikirudi nitakuta nini.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Wiki tatu umerudi, huandiki, hupokei simu. Kama wamekufukuza, chumba chako nimekitandika. Nimeanza kujilaumu. Ni rahisi mtu kukaa kwenye kochi na kumwambia mwenzake aseme kweli, wakati mshahara unaokatwa si wake. Nimetenga kitu kidogo kwenye pensheni. Niandikie, hata mstari mmoja.

Shangazi yako

Tarehe 6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe. Tulikatazwa kusema lolote mpaka kamati ya uchunguzi imalize. Imemaliza jana.

Koti wamelisamehe. Dola mia sita nalipa mimi, miezi minane. Pensheni yako usiiguse.

Mkuu aliulizwa ilipo akiba ya msafara. Akajibu bila kupepesa macho kwamba ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mwenyekiti, mama mmoja wa idara ya ukaguzi, akaisoma karatasi ya polisi mara mbili. "Hapa naona mia sita. Hiyo elfu moja ilipanda treni peke yake?" Niliuma mdomo nisicheke. Mkuu amesimamishwa kazi.

Nilikuwa natoka, mama akaniita. Mwezi wa sita kuna msafara mwingine, watu watano, na anatafutwa wa kukabidhiwa fedha zote. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyepoteza."

"Najua," akasema. "Umesema mwenyewe." Akanisukumia kalamu na daftari la kukabidhiwa fedha.

Nimesaini, Shangazi.

Mwanao