Jina la Bonifasi

Mushasha, Gitega
3 Juni 2024

Shikamoo Baba. Mmeamkaje huko Gashoho, na kikohozi cha Mama kimepungua? Mimi mzima, ila baridi ya kiangazi imeanza kutuuma.

Kituo chetu cha afya kimeungana na parokia na msikiti. Tunapita milimani kuchanja rika zote: vichanga, wajawazito, hata wazee wa jembe kama wewe, wakingwe na pepopunda. Tarehe 20 Julai kikundi kitafika sokoni kwenu. Mimi nitakuwa Mutoyi. Padri na Mzee Mustafa wa msikitini watazungumza, lakini watu wa huko wanakusikiliza wewe. Utasimama useme neno?

Najua Mama anachukia sindano tangu kaka Bonifasi afariki kambini Tanzania, kabla sijazaliwa. Najua pia anawaficha watoto wa dada Kasilda kila chanjo ikipita. Ndiyo maana nakuomba.

Binti yako, Jovina

Mushasha, 8 Julai

Shikamoo Baba. Zaidi ya mwezi sasa, kimya. Nimekukosea?

Binti yako, Jovina

Gashoho, Muyinga
14 Julai

Marahaba mwanangu. Hujanikosea. Tu wazima, na kikohozi cha mama yako kimeisha.

Asubuhi ukungu ukijaa migombani namwona Bonifasi akitembea ndani yake, bado ana miaka mitatu, hatua zake hazisikiki. Namfuata mpaka jua linapotoka, nabaki na migomba.

Siku ile ya chanjo kambini mama yako alikuwa na homa, akanituma nimpeleke mtoto chanjo ya surua. Foleni ilikuwa ndefu. Nikaondoka, nikaenda kucheza bao. Niliporudi nikamwambia, "Amechomwa." Baada ya majuma matatu surua ikamchukua, na mama yako akailaumu sindano. Nikamwacha ailaumu, miaka ishirini na minane.

Sasa nisimame niwaambie nini watu?

Baba yako, Venansi

Mushasha, 16 Julai

Shikamoo Baba. Nimelia, sikufichi. Sokoni utaamua mwenyewe. Lakini Mama asiyasikie haya kwa watu. Mwambie wewe.

Binti yako, Jovina

Gashoho, 23 Julai

Mwanangu, natumaini umerudi salama kutoka Mutoyi. Sisi tupo.

Nilimwambia Ijumaa, tukichambua maharage. Mikono yake ikasimama. Aliuliza jambo moja tu: kama mtoto alilia tulipoondoka pale. Nikasema hapana, alikuwa amelala begani kwangu. Akainuka, akaniacha na ungo.

Jumamosi nilisimama kati ya Padri na Mzee Mustafa, nikasema yote. Kisha nikakiona kitenge cha kanisani cha mama yako kikipita katikati ya watu, wajukuu wakimshika huku na huku. Hakunitazama. Alipanga foleni, nami nikasimama nyuma yao. Wote wanne tukachanjwa, kila mtu na ya umri wake.

Bado hanisemeshi. Lakini jana mjukuu mdogo alikuwa analia mkono unamuuma. Nikiwa uani nikamsikia mama yako akimbembeleza, akimwambia alikuwa na mjomba aitwaye Bonifasi, mtoto wa kuchekacheka. Jina hilo hakuwa amelitamka tangu turudi Burundi.

Sikuingia ndani. Niliketi pale pale, nikamsikiliza.

Baba yako, Venansi