Waridi la Kumi na Mbili

Nyumba ya pili baada ya kisima,
Dolna Lipa,
Bulgaria.

24 Aprili

Mpendwa Zlatina, mwanangu,

Hamjambo huko Valensia? Kalina ameota jino la pili, au bado anawakesha na lile la kwanza? Na mgongo wako je? Mwambie Plamen aache kukubebesha mizigo ya soko, na mwambie nimesema mimi, mama yako mdogo, ili asidhani umejitungia.

Huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Goti langu la kushoto hulalamika kila mvua ikikaribia, lakini nimelizoea. Gena jirani yu hai, na ulimi wake u hai kumzidi. Baridi imetuacha mapema mwaka huu, miplamu imekwisha kupukutisha maua, na korongo wamerudi kwenye kiota chao juu ya nguzo ya umeme.

Mara tatu umeniuliza kwenye simu kuhusu bustani ya mama yako, na mara tatu nimekugeuzia maneno. Ulidhani nazeeka. Sizeeki, nilikuwa naona haya. Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo nimekaa mezani nikuandikie yote, hata lile ambalo utanikasirikia.

Nianze na orodha yako ya maua. Nimeisoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Tulipu za manjano chini ya dirisha, lavenda kando ya njia, mayungiyungi meupe, na kile cha kutambaa ukutani ambacho jina lake limenishinda. Orodha nzuri, ila ni ya mtu aliyekaa ugenini sana. Hukuandika zdravets hata shina moja! Nyumba isiyo na jani la zdravets mlangoni, lenye jina la afya yenyewe, hiyo si nyumba, ni posta. Mmea huo nimekupandia bila ruhusa yako.

Mama yako angekataa nusu ya orodha hiyo, unamjua. Njano hakuitaka kabisa. Alisema ni rangi ya kutengana, na tangu baba yako afunge sanduku lake na kuondoka, hakuna ua la njano lililovuka lango lile. Hata boga alikuwa akilitazama mara mbili kabla ya kulikata.

Lakini nyumba sasa ni yako, na wewe ndiye utakayekuja mwisho wa Mei kumbatiza mtoto. Kwa hiyo mwezi wa tatu nilikwenda mjini nikanunua tulipu za manjano zilizokwisha chipua, ishirini na moja. Witiri, kama inavyotakiwa kwa nyumba ya walio hai. Shufwa ni ya makaburini. Bila shaka unakumbuka ulipokuwa mdogo ukaniletea maua manne mkononi, mama yako akakupiga kofi vidoleni mpaka ukatupa moja.

Nilizipanda jioni. Asubuhi nikazikuta kizingitini, zimelazwa mstari mmoja, vichwa upande huu na mizizi upande ule. Nikamlaani fuko. Kisha nikainama, nikaona mizizi imeoshwa. Fuko hung'oa, ndiyo. Kuosha haoshi.

Nikazipanda tena, zikang'olewa tena, zikaoshwa tena. Nikaziweka kwenye ndoo ya mchanga nikakaa juu ya ngazi kufikiri. Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka mambo ya nyuma ambayo nilikuwa nimeyapitisha tu. Mwishoni mwa vuli, baada ya kumfanyia mama yako arobaini, nilishuka ghala la chini nikakuta mizizi ya dalia imechimbuliwa na kufukiwa mchangani, kila rangi na kijiti chake. Nilidhani Gena amenisaidia. Gena, ambaye hajawahi kumsaidia mtu bila kijiji kizima kuambiwa! Na kopo la kumwagilia, lile la bati lenye mpini uliofungwa kitambaa, kila asubuhi lilikuwa limelowa, na udongo chini ya maua ya peoni ni mbichi.

Kisha akaja Rumen. Huyu humjui, amehama kutoka Sofia baada ya Krismasi, amenunua nyumba ya nyuma yetu, mtu mpole asiyejua hata jembe linashikwaje. Mama yako hakuwahi kumwona. Aliniita uzioni siku moja, saa sita mchana, jua linawaka.

"Shangazi Nedyalka, samahani, yule mwenzako nimemkosea nini?"

"Mwenzangu yupi?"

"Huyu mama wa kitambaa cha buluu. Kila siku namsalimu, hata kugeuka hageuki. Lakini kazi anaijua! Ungejifunza kwake, maana wewe naona unakaa tu kwenye ngazi."

Nikacheka. Nikamwambia yule ni kiziwi kidogo, asijali. Kitambaa cha buluu, Zlatina, nilimfunga mimi mwenyewe, kichwani mwake, ndani ya jeneza.

Kesho yake nilikwenda saa ileile ya Rumen. Sikuogopa usiku, mwanangu, usiku nalala. Niliogopa mchana ule mweupe, hakuna kivuli, hata kuku wamenyamaza. Nilisikia mkasi wa bustani nyuma ya uzio wa mimea, kacha, kacha, halafu kimya cha mtu anayerudi nyuma kutazama kama amekata sawa. Kisha kacha moja tena. Nikaona mgongo wake. Ameinama kama alivyokuwa akiinama, mkono mmoja kiunoni.

Nikasema, "Dada, hizo za njano ni za mwanao. Ameziomba yeye. Mwache."

Mkasi ukanyamaza. Hakugeuka. Nikangoja mpaka nikasikia kengele ya kanisa, na hapo nikajua natazama uzio tu, umekatwa vizuri, majani mabichi chini.

Nikuambie ukweli wote, maana nimeahidi. Nilifurahi. Tangu Septemba nilikuwa nakula peke yangu, naongea na redio. Nikaanza kupika kahawa ya vikombe viwili na kuipeleka kwenye ngazi. Nilimsomea orodha yako kwa sauti, nikamtania. Nilipotaja lavenda hakikutokea kitu, nami nikaipanda, na ikabaki. Nilipotaja mayungiyungi, kesho yake nilikuta mashimo matano yamechimbwa tayari, kwa nafasi anayoipenda yeye. Tukachagua hivyo maua yako, mimi na yeye, karibu mwezi mzima. Sijawahi kuwa na majira ya kuchipua mazuri kama haya, na nasema hivi nikijua nasema nini.

Mpaka Jumanne ya wiki iliyopita. Siku iliyotangulia nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi nikamwambia tarehe ya kuja kwenu, na kwamba Kalina ana macho yake. Jumanne nikakuta shimo jipya chini ya dirisha la chumba mtakacholala. Shimo la mche ni la mviringo, nimechimba maelfu. Hili lilikuwa jembamba na refu, la dhiraa moja na nusu hivi, kingo zimenyooshwa kwa koleo. Chini lilitandikwa majani makavu ya mrehani, kama yanavyotandikwa kwenye kitanda cha mtoto.

Nilikwenda kwa Gena bila hata kuvaa viatu vya kutokea. Nikamweleza. Hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Wee Nedyalka," akaniambia, "maua mangapi yaliingia kaburini?"

"Yale ya kijiji sikumbuki, lakini tulihesabu, yote shufwa."

"Na ya mwanae?"

Nikaanza kumuuliza habari za kuku wake.

"Aha! Nakuuliza, ya mwanae yalikuwa mangapi?"

Sasa ndiyo ile haya niliyoisema. Wewe ulituma waridi kumi na mbili. Najua ulilia kwenye simu na mwenye duka la maua, mimba imefika miezi minane, daktari amekukataza ndege, ukamwambia ziwe kumi na mbili, za rangi ile ya tunda la pichi kama ukuta wa jikoni kwenu. Zilifika nzuri kuliko waridi zote nilizowahi kuona. Nami nikaiba moja.

Unajua tusemavyo huku: ua la kupewa hukauka, la kuibwa hushika mizizi. Maisha yangu yote nimeiba vipandikizi. Nimeiba kwa padri, nimeiba kwenye bustani ya hospitali, nimeiba kwa mama yako huku akinitazama. Siku ile mkono ulikwenda wenyewe. Nilikata shina nikalifukia kwenye mkebe, nikalifunika kwa chupa ya achari, nikajiambia nitamwoteshea Zlatina, awe na waridi la mama yake. Nia ilikuwa hiyo. Lakini dada yangu alishuka kaburini na maua kumi na moja kutoka kwa mtoto wake wa pekee. Kumi na moja ni ya mtu anayesherehekea siku ya kuzaliwa.

"Umempa salamu ya walio hai," Gena akasema. "Ameipokea. Sasa anaishi. Na asiyejua kwamba amekufa hajui anapomkaribisha mtoto ni wapi."

Siku za mwizi ni arobaini, na za marehemu ni arobaini. Zangu na zake zilitimia pamoja, nami sikuona.

Kwanza nilijaribu kudanganya. Nilinunua waridi mjini, rangi inayokaribia, nikalipeleka kaburini. Asubuhi nikalikuta ndani ya nyumba yenu, juu ya meza ya jikoni, ndani ya glasi, maji safi, jani la chini limeng'olewa lisioze. Mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ninao mimi. Gena akasema kilichoibwa hurudishwa chenyewe.

Na chenyewe kilikuwa dirishani kwangu. Kilishika mizizi, Zlatina, kimepita baridi yote pale karibu na jiko, kina matawi mawili na tumba moja tu. Siku tatu nilitembea na mkasi mfukoni. Nilijiambia tumba halijafunguka. Likafunguka. Nilijiambia labda shimo lile ni la lavenda. Nikalifukia, nikalikuta limechimbwa tena, na safari hii pembeni palikuwa na ile blanketi ndogo ya pamba aliyoifuma mama yako akiwa hai kwa ajili ya Kalina, ambayo mimi niliiweka kabatini. Imekunjwa mara nne.

Hana ubaya. Namjua, nimelala naye kitanda kimoja utoto wote. Anamngoja mjukuu wake, basi. Ndiyo maana niliutoa mkasi mfukoni.

Jana asubuhi nilipika kahawa ya vikombe viwili. Nikampelekea kwenye ngazi, nikamwambia niliiba, na kwamba nia yangu haikuwa mbaya. Nikamwambia yote, kama ninavyokuambia wewe. Kisha nikakata. Ua halikuwa kubwa, la kwanza huwa hivyo. Nikapanda nalo mpaka makaburini, nikalilaza, nikawasha mshumaa, nikahesabu kwa sauti kutoka moja hadi kumi na mbili ingawa zile kumi na moja zimeoza zamani. Nikasema, "Dada, sasa ni shufwa." Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

Niliporudi nililifukia shimo, nikapanda zdravets juu yake. Kahawa yake ilikuwa imepoa, imejaa kikombe. Siku zote nyingine nilikikuta kitupu, nami sikukuandikia hilo huko juu kwa sababu nililitaka libaki langu.

Basi njoo, mwanangu. Nyumba ni salama, umlete mtoto. Mwaridi wenyewe upo, una mizizi, nitakuhamishia chini ya dirisha ukitaka. Ukiona huwezi kuutazama, sema, nitamwachia Rumen, maana yeye hajui lolote. Na kama umenikasirikia, kasirika sasa, yaishe kabla hujafika, ili tuweze kumbatiza mtoto kwa uso mkunjufu.

Nisalimie Plamen, na mama mkwe wako, mwambie ile achari aliyoisifu nimemwekea chupa mbili. Mbusu Kalina kwenye nyayo zote mbili. Gena anawasalimu, na anauliza kama ni kweli huko hamli supu.

Nilitaka kufunga bahasha hapa, lakini nimetoka kwanza kwenda kuangalia. Kopo la kumwagilia ni kavu. Jana jioni nilizipanda zile tulipu kwa mara ya tatu, dhaifu zilivyo, na leo zimesimama zote ishirini na moja, njano tupu chini ya dirisha, kama ulivyoomba. Hakuna aliyezigusa. Nimekaa hapa kwenye ngazi saa nzima sasa na barua hii magotini, nikisubiri mtu azing'oe.

Mungu awalinde njiani, na awafikishe nyumbani mkiwa watatu kama mtakavyotoka.

Ni mimi mama yako mdogo, mwizi wako, ninayekupenda kwa mioyo miwili sasa,

Nedyalka