Kadi za Babu Ulizoziandika Nyuma

Baba Neema,

Hali yako sikuulizi, maana hata ulipokuwa hai, ukishaanza kuangalia bei za kadi kwenye simu, nilikuuliza hali na hukujibu. Sisi huku Richfield ni wazima. Theluji imeisha, ndege za abiria zinapita juu ya paa letu kama kawaida, na lile gari lako bado linagoma asubuhi. Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani. Nina habari yako, tena nzuri, lakini utasubiri niifikie. Wewe ulinisubirisha sana kwenye ndoa hii.

Arobaini yako ilipopita tuligawa vitu vyako kama ilivyo desturi. Mdogo wako Aloyce alitoka Saint Paul akaja kusimamia. Makoti yalienda kwa vijana wa kanisani. Viatu vyeusi alichukua yeye mwenyewe, vinambana na hataki kusema. Tulipofika kwenye alibamu za kadi zako, zile picha ndogo za wachezaji wa besiboli ambazo watu wa huku huuziana, kila mtu akarudisha mkono.

Na aliyetufikisha hapo ni wewe. Kila Krismasi ukishashiba pilau ulikuwa unasimama kuwatangazia wageni kwamba yule mchezaji wako wa besiboli wa zamani, ambaye humu ndani tulimwita Babu, dunia bado haijajua thamani yake. "Wanampunja," ulisema. "Angechezea New York, kadi yake isingeshikika." Wageni walitikisa vichwa na kuongeza nyama. Basi Shemeji Aloyce akasema hizi si mashati, hizi ni mali. Zipelekwe kwa mtu anayezijua, ziuzwe, na kitakachopatikana kikajengee kaburi lako kule nyumbani Marangu. Neema akaona ni sawa. Mimi nikaitikia, kwa mdomo tu.

Moyoni sikutaka. Nilitaka mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja: wewe uwe ulikuwa sahihi kuhusu Babu, na kadi zisiwe na bei yoyote, zibaki kwangu.

Maana mimi peke yangu nilijua kilichoko nyuma ya kadi hizo. Kadi ya kwanza ya Babu uliinunua kwa jirani aliyekuwa akiuza vitu vyake uani, wiki aliyozaliwa Neema. Ulirudi nayo hospitali, ukaomba peni kwa nesi, ukaigeuza ukaandika: "Ukumbusho. Neema kazaliwa, joto kama Dar." Vilevile wazazi wetu walivyokuwa wakiandika nyuma ya picha za studio kabla ya kuwapelekea ndugu. Nikakuuliza, sasa huyu mzee mwenye gongo la besiboli anahusika vipi na mwanangu? Ukanijibu, "Picha isiyoandikwa nyuma ni ya nani?" Tangu hapo kila jambo letu likawa na Babu wake. Siku mwanetu Amani alipong'oka jino. Siku nilipofaulu mtihani wa unesi. Siku tulipopewa funguo za nyumba hii. Hata ule ugomvi wetu uliuandika: "Ukumbusho. Mama Neema kanuna kwa ajili ya mapazia. Mwenye makosa ni mimi." Watoto wakakua wakiamini ni babu yao kweli. Neema alimchora shuleni kwenye picha ya ukoo, na gongo lake begani, mwalimu akatuuliza ni babu wa upande gani. Ukasema upande wa baba.

Jumamosi moja mwezi uliopita Neema akanipeleka kwa mnunuzi wa kadi, kule Frogtown, mtaa wa Saint Paul, kwenye University Avenue, jirani na mama anayeuza supu ya tambi. Ni mzee mnene, mpole, ana miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani. Alifungua alibamu akaanza kuangalia kadi kwa mbele, zikiwa bado kwenye plastiki. Akasifia kona zisizokunjika, akasifia rangi. Halafu akaanza kueleza, na mimi nikasikiliza kwa niaba yako. Alisema Babu anauzwa chini ya wenzake wa kiwango chake, kwa sababu alicheza huku kwenye baridi ambako kamera hazikuwa zikija mara kwa mara, na hakuwa mtu wa kujisemea. Akaniangalia akasema, "Mumeo alikuwa na jicho. Huyu bado hajalipwa haki yake."

Umesikia? Kayasema mtu ambaye hujawahi kumpa hata chai.

Nilifurahi, na papo hapo nikaweka kiganja juu ya alibamu, kwa sababu sasa kadi zingeuzwa. Neema alinishika mkono. Yule mzee akachomoa kadi moja kwenye plastiki, akaigeuza. Akachomoa ya pili. Neema akachungulia.

"Oh no, Mama," akasema. "Kwa peni?"

Mzee alinieleza taratibu, kama mimi ninavyowaeleza ndugu wa mgonjwa majibu yasiyopendeza. Kadi iliyoandikwa na mwenyewe mchezaji inapanda bei. Iliyoandikwa na mtu mwingine haina mnunuzi, na wewe, kwa mwandiko wako mkubwa, ulijaza nyuma yote. Kisha akauliza ni lugha gani na inasema nini. Nikamsomea ya mapazia kwa Kiingereza. Alicheka mpaka akavua miwani, akasahau ule mwingine, akaomba nimsomee nyingine. Nikamsomea ya jino la Amani. Nikamsomea ya nyumba. Hapo ndipo nikalia, Baba Neema, nililia mbele za watu, na yule mzee wa watu akaniletea maji akidhani nalilia hasara.

Moja tu ilikuwa safi. Ile uliyonunua karibu na kulazwa, hukuwahi kuiandika. Hiyo aliitaka palepale. Nikamwambia nitafikiria.

Jioni nikampigia Shemeji nikamweleza yote, na ile moja safi pia. Akacheka kile kicheko chenu. Akasema kaburi tutachangishana kama watu wengine, na ile moja niamue mwenyewe. Kesho yake alikuwa ameshafungua kundi la michango kwenye simu, yeye ndiye mweka hazina. Unamjua. Mchango unakwenda vizuri, hata Amani ametoa bila kukumbushwa.

Alibamu zimerudi rafuni. Neema sasa anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Yule mtoto uliyekuwa ukimsemesha Kiswahili naye anajibu Kiingereza, siku hizi anakaa chini kwenye zulia anasoma nyuma ya kadi kwa sauti. Anajikwaa, anaanza tena, mimi simsaidii mpaka aniombe. Jana aliuliza "kununa" ni nini. Nikamwonyesha.

Na ana mimba. Sikutaka kuanza nayo, nilijua hungesikia kingine chochote.

Kwa hiyo ninakuahidi hili. Mtoto akizaliwa nitakwenda kwa yule mzee wa miwani miwili nimnunulie Babu wake, wakati dunia bado imelala na bei iko chini kama ulivyosema. Nitaomba peni kwa nesi. Tutaandika nyuma, na mwandiko utakuwa wangu, utaniwia radhi, unaujua ulivyo.

Ile kadi safi iko hapa mezani. Mzee alipiga simu tena leo mchana, nikamwacha azungumze mpaka akamaliza, nikamshukuru. Baadaye nikaitoa kwenye plastiki. Nimeandika kwa peni yako ya bluu, polepole, nikasubiri wino ukauke:

"Ukumbusho. Baba Neema alikuwa sahihi."

Sasa nayo haiuziki. Lala salama, mume wangu.

Mama Neema