Siku Niliyokataa Likizo

Jumatano, 1 Septemba

Peng amekuja ofisini kwangu, ofisi ya meya, na keki za sikukuu ya mwezi mpevu na matokeo ya kura ya maoni. Ndiye anayeongoza kampeni yangu, ingawa kampeni yenyewe bado haipo. Wagombea wa vyama viwili vikubwa wananizidi kidogo tu. "Mheshimiwa," akasema, "ukingoja miaka minne mingine utakuwa mzee wa kukata utepe." Ana ulimi yule mwanamke.

Kugombea urais bila chama kunataka sahihi karibu laki tatu kwa siku arobaini na tano. Meza ya kwanza ya kutia sahihi itawekwa sokoni tarehe 21. Nimemwambia nitafikiri. Jioni mke wangu Li-yun akaniuliza kama kweli nafikiri, au nimeshaamua na nangoja kubembelezwa. Mke niliyeishi naye miaka thelathini na moja hahitaji jibu.

Ile likizo ya Julai bado inanifuata. Nilifunga shule na ofisi kwa sababu ya kimbunga, kimbunga kikageuza njia kikaenda zake baharini. Jua likawaka kutwa! Watu wakajaa sinema na kwenye vyumba vya karaoke. Tangu siku hiyo televisheni zinaniita Meya wa Likizo. Leo muuza supu ya samaki kaniuliza mbele za watu, "Meya, kesho tunapumzika tena? Nishachagua na wimbo." Nilicheka naye. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Jumatatu, 6 Septemba

Kimbunga kingine. Saa mbili usiku ndiyo saa ya kutangaza — mji mzima unakaa mbele ya televisheni kumsikia meya, kesho kuna kazi au hakuna.

Kang aliniletea karatasi ya watu wa hali ya hewa saa kumi na mbili na nusu jioni. Ni mkuu wangu wa Zimamoto, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Upepo unaotarajiwa asubuhi umepita kiwango cha sheria cha kufunga shule na ofisi. Umepita kidogo, lakini umepita. "Toa likizo," akasema. "Wakicheka waache wacheke. Anayecheka ni mzima."

Mameya wa mji wa kaskazini na wa wilaya ya milimani wakapiga simu. Wote wanatoa. Wananiuliza kama tutangaze pamoja, kama kawaida yetu. Nikasema nitawarudia.

Peng akanivuta pembeni. "Hao wanatoa kwa kuogopa simu za wapiga kura. Wewe usitoe. Kesho jua likiwaka, nchi nzima itajua nani ana msimamo. Ukitoa tena na jua likawaka tena, tarehe 21 isahau."

"Na upepo ukija?"

"Utakuja na mvua kidogo. Umepita kwa nukta moja tu, Mheshimiwa."

Nikatangaza kazi na masomo kama kawaida. Kang alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni, macho mbele. Nidhamu ya zimamoto. Hakuna mtazamaji ambaye angejua alichonishauri.

Naandika hapa kitu ambacho sitamwambia mtu. Nilipokuwa nazisoma zile namba, sikuwa nafikiria upepo.

Jumanne, 7 Septemba

Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Bati la paa la ghala liling'oka, likavuka barabara. Bi Ou Chin-feng, miaka hamsini na mitatu, mpishi wa shule ya msingi. Alikuwa kwenye skuta, anawahi kuwasha majiko. Amefia hapo hapo.

Hakuna mwingine aliyekufa. Ni mmoja tu.

Mmoja tu! Nimeandika hivyo kwa mkono wangu mwenyewe. Shule ingefungwa, yule mama angekuwa kwake amelala.

Jumatano, 8 Septemba

Waandishi wa habari walijaa mpaka kwenye ngazi. Swali lilikuwa moja, wakiuliza kwa zamu: meya alizijua namba za upepo kabla ya kutangaza, au hakuzijua?

Nilifungua mdomo. Nataka kuamini kwamba nilikuwa karibu kusema ukweli. Sina hakika.

Kang akatangulia kushika kipaza sauti. Akasema karatasi aliyonipa ilikuwa ya mchana, ya zamani. Ile ya jioni alichelewa kuifungua. Kosa ni lake. Akainama mbele ya kamera kuomba radhi, akakaa ameinama muda mrefu sana, mpaka waandishi wenyewe wakaacha kupiga picha.

Uongo mtupu. Nami nikasimama kando yake, nikamwekea mkono begani. Peng anasema ule mkono umetoka vizuri kwenye picha.

Kwenye lifti tulikuwa wawili. Nikamuuliza kwa nini.

"Mkuu wa Zimamoto atapatikana mwingine," akasema. "Mtu wa kuitoa nchi kwenye ugomvi wa vyama hivi viwili, mimi sijamwona mwingine. Usinishukuru tu, tafadhali."

Sikumshukuru. Wala sikumkatalia. Ghorofa tisa kushuka, na kila moja ingenitosha kusema rudi, tupande tena, nikaseme mwenyewe. Tulipofika chini nikampisha atoke kwanza.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimekwenda kutoa pole kwa akina Bi Ou. Ubani, maua meupe, picha yake akicheka na kofia ya jikoni. Nikainama mara tatu. Mumewe, Bwana Tung, alinimiminia chai kwa mikono miwili. "Sikulaumu, Meya," akasema. "Umeponzwa na yule wa Zimamoto."

Nikainywa chai yake. Nikaimaliza.

Mchana Kang ameleta barua ya kujiuzulu. Nimeikubali. Jioni Peng amepiga simu, anaongea mbio kwa furaha: nimepanda pointi nne. Watu wanapenda kwamba sikumtupa mtu wangu mbele ya kamera.

Jumatano, 15 Septemba

Sikukuu ya mwezi mpevu. Kila mwaka Kang na mkewe huja kuchoma nyama nasi kibarazani. Shemeji Chiu huleta mabalungi ya kwao, na Kang hung'ang'ania kusimamia moto, eti ni fani yake. Leo Li-yun kawasha mkaa peke yake.

"Umewaalika?" akauliza.

"Kwa sasa haitakuwa vizuri."

"Haitakuwa vizuri kwa nani?"

Nikamwambia yote. Karatasi, namba, lifti. Nilitegemea atafoka, hakufoka. Aliendelea kugeuza nyama mpaka ikaungua, halafu akasema, "Wiki nzima nimekuwa nikimlaani Kang. Sokoni, kwa mama yangu, kwa kila mtu. Na wewe unanisikia, unakula." Akaingia ndani. Nyama tumeitupa.

Ni kweli nilimsikia. Jumapili nilifikia hata kumwambia asiwe mkali sana, Kang pia ni binadamu. Nimekuwa mtu wa namna gani?

Jumapili, 19 Septemba

Nimeandika barua kwa magazeti. Nusu ukurasa. Nikamwonyesha Peng. Akaisoma, akasema, "Hii ukiipeleka, Kang anakuwa muongo na wewe unakuwa muongo. Sasa hivi muongo hayupo. Umewafikiria vijana elfu mbili waliochukua likizo kazini kwao ili wasimame mezani kwa ajili yako?"

Iko kwenye droo. Sijaichana. Najipa sifa kwa kutoichana, ndiko nilikofika.

Jumanne, 21 Septemba

Ndani ya gari, nyuma ya soko. Saa tatu kasoro dakika kumi. Jukwaa liko tayari, ngoma zinapigwa, foleni ya kutia sahihi imezunguka mpaka kwa wauza kaa. Zaidi ya tulivyotegemea. Mwezi mmoja uliopita ningelia kwa furaha.

Shemeji Chiu ametoka hapa sasa hivi. Aligonga kioo, nikadhani ni Peng. Nikamwambia, "Shemeji, ingia ndani." Akakataa kuingia. Alisimama na mkoba kifuani.

"Mume wangu yuko kwenye foleni," akasema. "Tangu saa kumi na mbili. Anataka awe katika watu wa kwanza kukutilia sahihi."

Nikauliza, kwa ujinga, kama watu wamemtambua.

"Wamemtambua. Mmoja kamwita muuaji, mimi nipo. Yeye akamwambia, ndiyo, samahani sana. Akainama. Siku hizi anainamia kila mtu, Shemeji. Hata mtu wa barua."

"Mwambie arudi nyumbani."

"Mwambie wewe. Mimi hanisikii, wewe anakusikia." Akanitazama. "Mimi sitii sahihi. Nimeona nije kukuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Nimekula kwenu miaka kumi na mmoja." Akaenda. Hakuaga.

Hotuba iko mfukoni, kurasa mbili. Imetaja upepo wa mabadiliko mara tatu. Nani aliandika hivi? Peng. Nani aliipitisha? Mimi, jana, nikinywa kahawa.

Kwenye kioo cha mbele naiona meza. Kang amefika. Amevaa shati jeupe na tai. Ametoa kitambulisho, anajaza fomu polepole, na mwanamke aliye nyuma yake anamsemesha kitu kibaya, naona kwenye midomo yake. Kang hageuki. Anamrudishia kijana kalamu kwa mikono miwili.

Peng amefungua mlango. Mheshimiwa, sasa hivi, tuko moja kwa moja hewani. Nimemwambia dakika moja. Anasema dakika haipo.

Kang ameliona gari. Ananiashiria kwa mkono nipande jukwaani. Anatabasamu, anaashiria tena, nenda, nenda. Kipaza sauti kiko hatua ishirini kutoka hapa na yeye yuko hatua kumi kutoka kipaza sauti. Nimetoa mguu mmoja nje na bado naandika