Koti la ngozi na sindano ya mwisho

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Evere.

Mvua tangu asubuhi, ile nyembamba ya Brussels ambayo hainyeshi vizuri wala haiachi. Vidole vyangu vimevimba, kidole gumba kina matundu mawili, na nina furaha ya kijinga kabisa. Naomi, binti yangu, yuko jikoni anapika wali. Mimi nimekaa naandika kabla furaha haijapoa.

Nimemaliza koti.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: siku za kazi nashona mashuka yaliyochanika na makoti ya madaktari katika chumba cha nguo cha hospitali moja, kule Jette. Lakini tangu Januari, Jumamosi zangu ni za jumba dogo la makumbusho, ambako watu wa kujitolea wanatengeneza vitu vya watu wa kale kwa njia za kale. Walitafuta mtu anayejua kushona. Wana sanamu ya mtoto wa zama za mawe, na walitaka ivae koti la ngozi ya kulungu lenye kofia, lililoshonwa kwa sindano ya mfupa na uzi wa kano za mnyama. Nikainua mkono kabla hawajamaliza kusema.

Kiburi hicho kimenigharimu sindano tatu.

Anayezichonga ni Papa Gaston, Mbelgiji mstaafu. Aliwahi kufundisha Likasi, mji wangu, kabla sijazaliwa, na Kiswahili chake ni cha kwetu hasa. Anachukua mfupa wa mguu wa ng'ombe kutoka buchani, anakata kijiti, anakisugua kwenye jiwe, kisha anatoboa tundu la uzi kwa ncha ya jiwe la gumegume. Sindano moja ni kazi ya siku mbili. Mimi nilikuwa naivunja kwa dakika mbili.

Na alinionyesha, siku ile ile ya kwanza. Kando ya sindano aliweka mfupa mwingine, mnene, wenye ncha lakini bila tundu: msharasi, kama ule wa mafundi viatu. Unatoboa ngozi kwanza, sindano inapita baadaye. Nikausogeza pembeni. Nakiri hapa kwa sababu pale sikukiri. Mimi nina diploma ya ushonaji, nimeshona magauni ya harusi. Nikajiambia msharasi ni wa wale wanaokaa chini sokoni na kandambili za watu. Nikavaa kastabini yangu ya chuma, ile ya kukinga kidole, nikasukuma sindano kama ninavyosukuma kwenye jinzi.

Ikakatika.

"Doucement, maman, polepole," Papa Gaston aliniambia. "Ile haiko chuma, ni mufupa."

Wiki iliyofuata nikavunja ya pili. Iliyofuata tena, ya tatu, na siku hiyo Naomi alikuwa amenisindikiza. Alicheka mpaka akatoka nje.

Jumamosi iliyopita kiongozi wa jumba akanieleza kwa upole kwamba maonyesho yanafunguliwa tarehe kumi na tano na hawezi kusubiri zaidi. Ameshaazima koti jingine kwenye stoo ya mavazi ya tamthilia. Limeshonwa kwa mashine, lipo kwenye boksi. Kama langu halijaisha leo saa kumi, sanamu itavaa hilo. Na Papa Gaston alikuwa amebakiwa na sindano moja tu.

Wiki nzima nilikuwa na hasira. Mashuka ya hospitali yamekiona cha moto.

Kilichoniuma zaidi ni jambo jingine, nalo ni aibu kidogo kulisema. Maisha yangu yote niliamini kwamba sindano ilifika Likasi ndani ya sanduku la masista, pamoja na katekisimu na sabuni. Kumbe! Papa Gaston alitueleza habari za chawa. Kuna chawa wa kichwani na kuna chawa wa mwilini, na huyu wa mwilini maskani yake ni nguo. Wataalamu wamewalinganisha hao wawili, wanaona walitengana zamani mno, pengine wakati watu wote walikuwa bado Afrika. Kama chawa wa nguo alikuwepo, basi na nguo zilikuwepo. Watu walitoboa ngozi kwa mifupa yenye ncha na kuziunganisha, muda mrefu kabla ya sindano yenye tundu, ambayo kongwe zaidi wameiokota huko Siberia kwenye baridi kali.

Nilicheka peke yangu kwenye basi. Chawa ametutetea! Halafu nikaacha kucheka, maana nilielewa: msharasi ndio mkubwa, sindano ni mdogo wake. Nami nilikuwa nimemdharau mkubwa.

Leo nimefika saa tatu asubuhi, Naomi nyuma yangu. Nikatia kastabini mfukoni. Nikachukua msharasi.

Toboa, toboa, toboa. Nikishatoboa mstari mzima, sindano inaingia yenyewe, haitaki nguvu hata kidogo. Shida ikabaki uzi. Kano zilikuwa zimelowekwa kwenye bakuli, na ncha ikishalowa inalegea, haipiti tunduni. Bila kufikiri nikafanya alichokuwa akifanya mama yangu akishona: nikachukua uzi mkavu, nikautia mdomoni. Nikautafuna katikati, ncha nikaiacha kavu. Shuleni sista alinipiga rula kwa tabia hiyo, na leo Papa Gaston naye akaruka kutoka kwenye kiti.

"Non, non, maman! Hapana mu kinywa!"

Kinywa kilikuwa na kazi, nikaendelea kutafuna. Ladha yake ni ya mchuzi wa juzi usio na chumvi. Lakini uzi ulilainika, ukapita, na ulipokauka ukajikaza wenyewe kwenye ngozi. Nusu saa baadaye nikamwona Papa Gaston kwenye kona yake, ananiandalia uzi mwingine. Anatafuna.

Saa kumi kasoro dakika kumi nilifunga mshono wa mwisho, kwenye kofia. Kiongozi akataka kuona kama linafaa kitu. Papa Gaston akachukua glasi ya maji, akaimwaga yote kwenye mshono wa bega. Mimi nikafumba macho. Naomi akaingiza mkono ndani ya koti, akapapasa, akapapasa tena.

"Maman, iko sec! Iko kavu kabisa!"

Nikalia. Mbele ya watu, na sijali.

Tuliivalisha sanamu pamoja. Boksi la koti la mashine halikufunguliwa, na sindano ya mwisho ni nzima, haina hata ufa. Papa Gaston akatoa kalamu aandike kikaratasi cha kuweka miguuni pa mtoto: jina langu, Clarisse, kisha "fundi nguo". Nikamwambia aongeze: "na fundi viatu". Aliniangalia, akautazama msharasi mezani, akacheka kwa sauti. Akaandika.

Kesho saa nne milango inafunguliwa, na nusu ya kanisa letu inakuja. Mtoto wa zama za mawe yuko tayari, amevaa, hata mvua haimwezi. Mimi nimeshafungua kabati mara mbili na kulifunga.

Fundi mzima. Kesho nitavaa nini?