Kisanduku Chini ya Kiti cha Ishirini na Nne

Tunis, Alhamisi

Dada yangu mpendwa Mongia,

Salamu nyingi zikufikie huko Kef, wewe na wote wa kwa kaka yako. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima wa afya, ila kazi hii imenifika shingoni.

Tangu uondoke, abiria hawajapata adabu. Jana ndege ya Marseille ilituachia maganda ya mbegu za alizeti kuanzia mlango wa mbele hadi choo cha nyuma, asali ya vileja vya makrudi imegandia kwenye mikanda, na nepi mbichi, ndiyo, mfukoni mwa kiti! Dakika thelathini na tano, watu wanne, viti mia moja themanini. Msimamizi wetu Lotfi kasimama mlangoni na saa yake, anauliza kama tumekuja kusafisha au kutalii. Salwa akamjibu kwamba mtalii angepewa walau juisi. Tulicheka, akatuongezea vyoo.

Na vile visanduku vyake! Bado anavificha chini ya viti ili aone kama tunapekua kweli kabla abiria wapya hawajapanda. Ukikikosa, barua ya onyo. Ukikipata, hata ahsante hupati. Wiki ile ya mwisho wako alificha vinne. Mtu mzima na akili zake anacheza kibe na sisi.

Sasa kuna jambo nataka kukuambia, dada.

Unaikumbuka ile Jumanne tulipobadilishana safu. Karatasi ya zamu ilikuandika wewe nyuma, lakini goti lilikuwa limevimba, nikakwambia nenda mbele kwenye nafasi, kuinama niachie mimi. Chini ya kiti cha ishirini na nne nikakuta kisanduku cheusi. Nikasema, Lotfi tena! Sikukifungua. Nilikitumbukiza kwenye mfuko wa taka, makusudi, akakitafute mwenyewe jalalani.

Kesho yake akaja yule mzee na binti yake kuulizia vifaa vyake vya kusikilizia, alivyovisahau ndegeni kwenye kisanduku cheusi. Binti anampigia kelele sikioni, naye anatabasamu tu kwa kila mtu, hasikii kitu. Karatasi ikasema safu ni zako, ofisini wakasema umeiba. Ukanivuta pembeni ukaniambia, mdogo wangu, funga mdomo, tukisema tulibadilishana watatufukuza wote wawili, kwani wewe uliona kitu? Nikakutazama machoni nikasema sikuona. Ukavua sare, ukanibusu, ukaondoka na jina la mwizi.

Hakuna aliyeiba, Mongia. Ni mimi na hasira zangu, kisha mimi na woga wangu. Miezi miwili nimelaumu maganda, nimemlaumu Lotfi, nimelaumu kila kitu ila nafsi yangu, na nimechoka nayo.

Asubuhi ya leo, kabla ya kuandika barua hii, nimepeleka nyingine ofisini yenye maneno haya haya, nikasimama pale mpaka Lotfi alipoimaliza. Nimeanza na wao kwa sababu nakujua. Ningekuandikia wewe kwanza, ungenisamehe, nami ningeridhika nikanyamaza.

Wabusu watoto wa kaka kwa niaba yangu.

Mdogo wako, kama bado unanikubali,
Hedia